Umefunga kamshafti kali, gari haitulii sailensi: mwongozo kamili wa kutuni kontrol boksi

Simu ninazopigiwa ni zilezile kila wiki. Mtu kanunua kamshafti (vyuma vinavyofungua na kufunga valvu za injini) za nyuzi 272, yaani zinazoacha valvu wazi muda mrefu, kazifunga, gari inawaka vizuri tu, ikishapata moto sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka, mizunguko 700, 1,300, 700 kwa dakika, akikanyaga breki inazima, akiunga gia ya pili inakata kama ina kwikwi, na huko juu 6,000 hakuna kitu. Halafu ananiambia kamshafti mbovu. Si mbovu mkuu, kontrol boksi yako (kompyuta ya injini) bado inaamini kamshafti za zamani zimo ndani, inamwaga mafuta na kupiga cheche kwa mahesabu ya injini ambayo haipo tena.

Na wanaojaribu kutuni wenyewe wanakosea palepale: wanakimbilia juu, wanataka kuona nguvu, wakati kazi kubwa ya kutuni kamshafti iko chini ya 3,000. Ukimaliza chini vizuri juu kunabaki kudogo sana.

Mfano wangu hapa ni Toyota 4A-GE ya valvu 16, cc 1,587, kamshafti za kiwanda nyuzi 240, tunaweka 272 kwa 272, na kontrol boksi ya kujitegemea aina ya Speeduino au MegaSquirt inayofunguliwa kwa programu ya TunerStudio, maana boksi ya kiwanda ya hii injini huwezi kuiandika upya kirahisi kwa laptop. Kama una boksi ya Link au Haltech menyu zitakuwa na majina mengine, mpangilio ni huuhuu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

- Laptop yenye betri inayokaa na chaji, na waya mzuri wa USB. Waya mbovu utakukatia mawasiliano katikati ya kazi.
- Waidibendi, yaani sensa ya oksijeni inayosoma uwiano kamili wa hewa na mafuta (AFR). Zenye sensa ya Bosch LSU 4.9 zinatosha kabisa. Sensa ya kawaida ya gari haifai, yenyewe inajua mzito (mafuta mengi) au mwepesi (hewa nyingi) tu, kiasi gani haikwambii.
- Taimingi laiti.
- Geji ya kompresheni na geji ya presha ya mafuta.
- Saa ya kupimia ya dayo (inapima muinuko mdogo wa valvu) na sahani ya nyuzi za kufunga kwenye puli ya kranki.
- Plagi seti moja mpya ya akiba, utaelewa mbele kwa nini.
- Chaja ya betri, faya ekstingwisha, daftari na kalamu.
- Mtu wa pili. Anayeendesha haangalii laptop, anayeangalia laptop haendeshi, hili sina mjadala nalo.

## Hatua ya 1: Maliza chuma kwanza

Kontrol boksi haiwezi kurekebisha mkanda wa taimingi ulioruka jino. Nimeona mtu kakaa na laptop siku nzima kumbe kamshafti ya moshi iko nyuma jino moja.

Zungusha kranki kwa mkono, kwa spana, raundi mbili kamili kabla ya kugusa swichi. Ikigoma popote, simama hapohapo, usilazimishe, kuna valvu inagusa pistoni. Kamshafti yenye muinuko mkubwa inahitaji upime nafasi kati ya valvu na pistoni, watu wengi wanashika milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa moshi kama mwisho wa chini. Njia ya kienyeji ni kubandika udongo wa plastisini juu ya pistoni, kufunga hedi, kuzungusha, kufungua na kupima ulipobonyea. Kazi ndefu ndiyo, ila kubadilisha pistoni ni ndefu zaidi.

Hakiki nyuzi kwa saa ya dayo ukifuata karatasi iliyokuja na kamshafti, weka nafasi ya valvu kama karatasi inavyosema, za kwenye kitabu cha Toyota achana nazo. Pima kompresheni, pima presha ya mafuta, tafuta kila tundu linaloingiza hewa ya wizi kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Na ekzosti nayo isivuje kabla ya waidibendi, maana tundu dogo pale linavuta hewa ya nje na sensa itakudanganya.

Umefanikiwa kama: silinda zote nne kompresheni zinakaribiana, na injini inazunguka kwa mkono laini bila kugota. Usishtuke kompresheni ikisoma chini kuliko zamani, kamshafti ndefu inachelewa kufunga valvu ya kuingiza, sehemu ya hewa inarudishwa nje ukipiga stata. Ishtukie silinda moja iliyoachwa nyuma na wenzake.

## Hatua ya 2: Sensa ziseme ukweli

Washa swichi bila kupiga stata. Sensa ya MAP (inayosoma presha ya hewa ndani ya manifoldi, kwa kPa) lazima isome presha ya hewa ya hapo ulipo. Hapa Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, inatakiwa isome kama 85 au 86 kPa, Dar ingesoma 101. Ikisoma 101 ukiwa Arusha kalibresheni si yake.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi, sensa ya maji na sensa ya hewa inayoingia zisome karibu sawa. Throtoli isome 0 ikifungwa na 100 ikikanyagwa, ukanyage kwa mguu kabisa usisukume kwa mkono, kebo ikilegea utakuta haifiki.

Sasa taimingi. Kwenye programu funga cheche kwenye nyuzi 10 tu, piga taimingi laiti, alama kwenye puli ionyeshe 10. Halafu piga resi mpaka 4,000. Alama isihame. Ikihama, waya za pikapu (sensa ya mizunguko) zimegeuzwa au kuna ucheleweshaji haujarekebishwa, na ukiendelea bila kulimaliza hili namba zote utakazoandika kwenye jedwali la taimingi ni hadithi. Hatua hii watu wanairuka sana, sijui kwa nini, inachukua dakika kumi.

(Kama gari haijawaka tangu ufunge kamshafti, taimingi laiti piga wakati wa stata plagi zikiwa nje, halafu rudia ikishawaka.)

## Hatua ya 3: Kuwasha mara ya kwanza

Ingiza ukubwa wa injini, idadi ya nozeli na ukubwa wake halisi. Programu itakupa muda wa msingi wa nozeli, kwa 4A-GE yenye nozeli za cc 295 ni kama milisekunde 9. Ukiona 4 au 20 umekosea kujaza.

Kamshafti mpya nyingi watengenezaji wanataka ukiwasha tu uishikilie 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika 20, usiache sailensi, ili oili irukie vizuri na nyuso mpya zizoeane. Kwa hiyo jedwali la kuanzia (lenye vyumba vya namba, kimoja kwa kila mizunguko na presha) liwe na mafuta ya kutosha pale kwenye 2,000, lisiwe la kubahatisha. Lenga AFR 13 hivi. Angalia oili, angalia maji, isikilize injini.

## Hatua ya 4: Sailensi, hapa ndipo watu wanapofia

Kaa hapa hata siku mbili.

Kamshafti kali inaacha valvu ya moshi na ya kuingiza zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kwenye sailensi moshi unarudi kwenye manifoldi, vakyumu inaanguka. Injini ya kiwanda ingekaa 30 na kitu kPa, yako sasa itakaa 50 na zaidi, na namba inatetemeka. Kontrol boksi ikiona 50 inadhani umekanyaga mafuta, inachukua chumba kingine kabisa kwenye jedwali. Ndo maana inawinda, kila ikipanda inahamia chumba chenye mafuta mengine na cheche nyingine, inashuka, inarudi, inapanda.

Halafu kuna mtego wa pili, na huu ulinila mimi mwenyewe. Waidibendi inasoma oksijeni, petroli isiyoungua haiisomi vizuri. Valvu zikiwa wazi pamoja hewa mbichi inapenya moja kwa moja kwenda ekzosti, na silinda ikimisi hewa yake yote inatoka bila kuungua. Sensa inaona oksijeni nyingi inasema "mwepesi". Gari yangu ya kwanza ilikuwa inasoma 16 sailensi, nikaongeza mafuta, ikasoma 16.3, nikaongeza tena, jioni nikafungua plagi zote nne zimelowa, nyeusi tii, zinanuka petroli mpaka vidole. Nilikuwa naifukuza namba ya uongo siku mbili. Ndo hizo plagi za akiba.

Fanya hivi:

1. Zima kabisa marekebisho ya waidibendi kwenye sailensi. Unaangalia tu, hairuhusiwi kurekebisha kitu.

2. MAP iwe inachukua wastani wa mzunguko mzima wa injini badala ya kusoma papo kwa papo. Na mpira wake utoke kwenye manifoldi ya pamoja, usitoke kwenye mdomo wa silinda moja.

3. Weka lengo la sailensi 1,050 mpaka 1,150. Ukitaka 800 rudisha kamshafti za kiwanda.

4. Injini iwe ya moto, nyuzi joto 85 mpaka 90. Chagua vyumba vyote vinavyozunguka sailensi, kuanzia 700 mpaka 1,500 na kuanzia 40 mpaka 65 kPa, vijaze namba moja ya VE (asilimia ya silinda kujaa hewa, ndiyo boksi inapimia mafuta). Taimingi nayo ifunge 15 kote hapo. Sasa hata namba zikitetemeka hakuna kinachobadilika.

5. Tafuta VE kwa vakyumu. Panda tatu au nne kwa mara moja, subiri sekunde kumi, andika. Daftari langu la gari moja liko hivi: VE 38 ilikaa 58 kPa, 42 ikashuka 54, 45 ikawa 51, 48 bado 51, 52 ikarudi 53. kPa ikiwa ndogo ndo vakyumu kubwa, kwa hiyo mahali pazuri ni kati ya 45 na 48, nikaweka 47. Waidibendi kwa wakati huo ilikuwa inasema 14.4, sikuijali. Gari nyingine itakaa 13.2, nyingine 13.8. Masikio na vakyumu ndo mahakimu.

6. Sasa tumia cheche kama kamba ya kuivuta sailensi. Kwenye 1,100 weka 16. Kwenye 900 weka 20, kwenye 700 weka 22, kwenye 1,300 rudi 13. Ikitaka kuanguka cheche inawahi inanyanyuka, ikitaka kupaa cheche inachelewa inatulia. Hili linafanya kazi haraka kuliko valvu yoyote ya hewa.

7. Hewa ya sailensi irekebishe kwa skrubu ya throtoli mpaka valvu ya hewa ifanye kazi katikati, si mwisho wa uwezo wake. Ukigusa skrubu, kalibresha throtoli upya.

Onyo la breki: vakyumu ikipungua busta ya breki (inayolainisha pedali) nayo inapungua nguvu. Kabla hujatoka getini kanyaga breki mara tatu mfululizo ukiwa sailensi. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe usiende barabarani, funga tanki dogo la vakyumu lenye valvu ya njia moja kwanza. Kwa mtu anayeshuka milima hili ndo la kwanza, nguvu baadaye.

Umefanikiwa kama: inanguruma kwa mikiki ile ya kamshafti lakini sindano ya mizunguko inacheza ndani ya 50 juu na chini, unapiga resi unaachia inarudi haizimi, na unawasha taa kubwa na feni haitishiki.

## Hatua ya 5: Mwendo wa kawaida

Hapa sasa waidibendi unaweza kuiamini, kuanzia 2,000 hivi kwenda juu. Tafuta barabara tupu yenye mwinuko mdogo, gia ya tatu, shikilia mzunguko na mguu visicheze kwa sekunde chache, nenda chumba kwa chumba.

Hesabu ni moja: VE mpya ni VE ya zamani mara AFR uliyosoma, gawanya kwa AFR unayotaka. Chumba kina 52, umesoma 14.2, unataka 13.5, inakuwa 52 × 14.2 ÷ 13.5, karibu 54.7. Ndiyo hesabu ile VE Analyze ya TunerStudio inafanya yenyewe, ila ukiitumia izuie isichukue data wakati unakanyaga au kuachia ghafla, na injini iwe ya moto. Kisha kaa chini uangalie jedwali kwa macho, programu haijui aibu, itakuwekea shimo katikati ya mlima.

Isipokuwa shimo moja. Kamshafti ndefu mara nyingi ina bonde la kweli kati ya 2,500 na 3,500, hewa inarudi nyuma pale, VE inashuka halafu inapanda. Ukilipitisha randa ili jedwali lipendeze, gari itanukia petroli na kukokota hapo hapo. Ukikuta bonde linajirudia kwenye rekodi tatu tofauti, liache.

Na usitegemee VE ya chini kufika ya zamani. Chini umepoteza, umelipwa kuanzia 5,000.

Mwendo mwepesi lenga 14 mpaka 14.7. Ikianza kutikisika ongeza mafuta kidogo, kamshafti hizi hazipendi mchanganyiko mwepesi.

## Hatua ya 6: Kukanyaga mpaka mwisho

Anza mzito na cheche iliyochelewa, halafu rudi taratibu. Kwa injini isiyo na tabo lenga 12.6 mpaka 13. Piga gia ya tatu kutoka 2,500 mpaka 5,000 kwanza, angalia rekodi, rekebisha, ndo uende 6,000, kisha 7,000. Ukiona inapita 13.5 ukiwa umekanyaga yote, ondoa mguu, usisubiri imalize.

Cheche ongeza nyuzi moja moja kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), toki (nguvu ya kuzungusha) isipoongezeka simama, hata kama injini haigongi. Nyuzi za ziada baada ya hapo hazikupi kitu zinachukua pistoni tu. Kama hupati daino baki nyuzi 3 nyuma ya unapodhani panatosha, barabara haiwezi kukuonyesha tofauti ndogo kiasi hicho. Mahali pa hatari ni pale VE ilipopanda, maana silinda inajaa kuliko zamani, cheche ileile ya zamani sasa ni kali kwake. Kugonga kunasikika kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Bomba la shaba lililobanwa na bolti kwenye bloku, mpira mrefu mpaka kwenye hedifoni za kuziba sikio, ni kifaa cha bei ya chai na kinasikia kuliko wewe.

Nozeli zisifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda. Limita ya mizunguko iwe chini ya uwezo wa springi za valvu ulizofunga, na kama umeacha springi za kiwanda kwenye kamshafti kali hatujaelewana kwenye hatua ya 1.

## Hatua ya 7: Vyumba usivyoviona ukiwa mlimani

Hili liwe la watu wa Arusha, Iringa, Mbeya, na ndugu zetu wa Nairobi. Ukiwa Arusha, hata ukikanyaga mpaka sakafuni MAP haipiti 85. Maana yake mistari ya 90, 95 na 100 kwenye jedwali haujawahi kuigusa, ina takataka za jedwali la kuanzia.

Nilimtunia jamaa Corolla, Arusha ikatoka safi, nikamwacha aende Dar. Kufika Korogwe akataka kulipita lori, akakanyaga, ikagonga mpaka akaisikia juu ya redio. Akaachia, bahati yake na yangu. Mstari wa 100 ulikuwa na VE ndogo kuliko wa 85 na cheche nyuzi 4 zaidi. Kosa langu kabisa.

Kabla hujashuka, chukua VE ya mstari wa 85, ongeza asilimia 2 au 3 kwa kila mstari unaopanda, na cheche punguza nyuzi moja kila mstari. Ukifika pwani tuni kweli. Na kama unatumia throtoli nne za kila silinda na jedwali linalofuata pedali badala ya MAP, funga sensa ya pili inayosoma presha ya nje muda wote, la sivyo boksi itashikilia presha ya asubuhi ya Arusha mpaka uzime gari, na presha ya hewa ya Dar ni kubwa zaidi kwa karibu asilimia 18.

## Hatua ya 8: Vilivyobaki

Mafuta ya kukanyaga ghafla yafanye mwisho, baada ya VE kukaa, vinginevyo unafunika kosa moja kwa lingine. Ukikanyaga ikisita kwanza na waidibendi ikaruka juu, ongeza. Ikitoa moshi mweusi na kuzama, punguza.

Kukata mafuta ukiachia pedali: angalia rekodi, ukiwa 3,000 mguu juu MAP inasoma ngapi, weka kikomo juu yake kidogo. Namba ya zamani itakuwa ama haifiki kabisa ama inakukatia mafuta ukiwa kwenye foleni. Mafuta yarudi mapema, 1,800 hivi, ili ipate nafasi ya kutua.

AC ongeza mizunguko 100 kabla kompresa haijashika, si baada.

Kuwasha asubuhi kunakula siku nyingi kwa sababu nafasi ni moja tu kwa siku. Badilisha namba moja, andika, zima, kesho tena. Nilichukua asubuhi tisa kwenye ile Corolla, na ya tisa iliwaka kwa stata moja jirani akatoka kuuliza nimeuza ile ya zamani.